Nyimbo za misa: Noti ni tamu, lakini neno limeachwa mlangoni

JUMAPILI moja hivi majuzi nilihudhuria misa ya pili katika kanisa moja mjini Kitengela. Kwaya ilikuwa imejiandaa kweli kweli. Sare zilipendeza, kinanda kilinguruma, na wimbo wa kuingia ulipoanza nikadhani paa litang'oka. Kando yangu aliketi mama mmoja mzee, rozari mkononi. Namfahamu kwa sauti yake, maana miaka ya nyuma alikuwa akiziimba nyimbo zote za kitabu bila kufungua kitabu. Siku hiyo hakuimba hata wimbo mmoja, tangu maandamano ya kuingia hadi baraka ya mwisho.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Mama, leo vipi? Mbona hukuimba?"

"Niimbe nini, Mwalimu?" akanijibu. "Nasikia sauti tu. Maneno siyashiki."

Jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mimi si mwanamuziki. Solfa naisoma kwa kuchechemea, na sitathubutu kumfundisha mtunzi namna ya kupanga sauti nne. Ila maneno anayoyatumia mtunzi huyo ni ya Kiswahili, na Kiswahili kina sheria zake. Dai langu ni kwamba watunzi wetu wengi wa nyimbo za misa wamepiga hatua kubwa katika muziki huku wakiichukulia lugha kama kijazio cha noti. Wanaolipa gharama ya uzembe huo ni waumini kama mama yule.

Hebu tutazame tulikotoka. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, misa ilisomwa kwa Kilatini. Mnamo 1958 kule Kamina, Kongo, padri Mbelgiji Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba, misa iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kikongo na kusikika duniani kote. Lakini maneno yake yalibaki Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963, Hati ya Liturujia ya Mtaguso huo ilifungua mlango kwa lugha za wenyeji. Hati hiyo ilitaka waumini washiriki ibada kikamilifu, si kama watazamaji. Mwaka 1967 Roma ikatoa waraka mwingine, Musicam Sacram, unaoagiza kwamba maneno yanapotayarishwa kwa ajili ya muziki, tabia na sheria za kila lugha ziheshimiwe. Msomaji, zingatia hilo. Agizo la kuiheshimu lugha si hoja ya walimu wa sarufi peke yao. Ni agizo la Kanisa lenyewe.

Afrika Mashariki haikuzembea. Nchini Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Kiganda kuhusu Mashahidi wa Uganda, waliotangazwa watakatifu mnamo Oktoba 1964. Nchini Tanzania, Padri Stephen Mbunga aliandika kitabu Church Law and Bantu Music (1963), akizipima sheria za Kanisa dhidi ya muziki wa Kibantu. Baada yao wakaja watunzi ambao majina yao yanatajwa na kila mwanakwaya wa Kiswahili: John Mgandu, Joseph Makoye, Bernard Mukasa. Hapa Kenya tuna watu kama Alfred Ossonga. Barabara kuu itokayo mpakani Namanga hupitia Bissil, Kajiado na Isinya kabla ya kufika Kitengela. Malori hupita hapo na mizigo, na tungo za Watanzania nazo zimekuwa zikivuka mpaka huo huo, zamani kwa kanda na makaratasi ya solfa, siku hizi kwa simu.

Kitengela si mji wa kabila moja. Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya na Wakisii wamejenga ubavu kwa ubavu, na sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Kajiado zaidi ya watu milioni 1.1. Umati kama huo unapokutana kanisani, lugha inayowaunganisha katika sala ni Kiswahili. Wimbo wa Kiswahili ukikosa kueleweka Kitengela, hakuna lugha nyingine ya akiba itakayowaunganisha wote.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kila mwanafunzi wa shule ya upili amefundishwa kwamba shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaposema bara-BA-ra tunamaanisha njia. Tukisema ba-RA-bara tunamaanisha sawasawa. Wala-KI-ni ni kiunganishi. Wa-LA-kini ni kasoro. Mifano ya shadda kugeuza maana ni michache, nakubali. Hata hivyo, kazi kubwa ya shadda ni kumwonyesha msikilizaji neno linaishia wapi. Sikio la Mswahili likisikia silabi nzito, linajua imebaki silabi moja tu, kisha neno jipya laanza. Ukiihamisha shadda hiyo, msikilizaji anapoteza mipaka ya maneno. Anabaki na mfululizo wa silabi. Hicho ndicho alichokuwa akikisema yule mama: sauti tu.

Aidha, shadda yetu haikai mahali pamoja kwenye mzizi. Huhama neno linaporefuka. Tunasema hu-RU-ma, lakini huru-MI-a, na tena hurumi-A-na. Tunasema MBI-ngu, lakini mbi-NGU-ni. Hapa ndipo watunzi wengi wanapoteleza. Beti la kwanza wanalitunga kwa uangalifu, noti nzito inaangukia pahali pake. Kisha mashairi ya pili na ya tatu yanalazimishwa yaingie katika noti zile zile. Palipokuwa na "mbingu" panawekwa "mbinguni", na noti ile nzito sasa inaipiga silabi isiyo yake. Kwa macho, karatasi ni safi. Kwa masikio, neno limevunjika.

Kuna kosa jingine ambalo nalisikia karibu kila Jumapili. Kiswahili kina silabi za konsonanti pekee. Nitatunga sentensi yangu mwenyewe kwa ajili ya mfano: Mtu wa nchi kavu amngoje Bwana. Ukihesabu irabu tu utapata kumi, na mtunzi mwenye haraka ataandika noti kumi. Lakini silabi ni kumi na tatu, kwa sababu m ya "mtu", n ya "nchi" na m ya "amngoje" kila moja inasimama kivyake. Isitoshe, katika "mtu" na "nchi" hiyo konsonanti ndiyo inayobeba shadda! Ukiinyima noti, umeliondoa neno moyo wake. Washairi wetu wa pwani, wanaohesabu mizani tangu enzi za tenzi za kale, hawangelifanya kosa hilo hata usingizini.

La tatu ni sauti nne. Soprano wanaanza kifungu, tena wanawafuata nyuma kwa maneno tofauti, besi wanarudia neno moja kama ngoma, na alto wamo katikati wakitafuta pa kuingilia. Ni mapambo matamu, na mtunzi mwenye akili huyatumia mahali ambapo maneno yamekwisha kufahamika. Tatizo ni yanapoanza mapema, kabla ya muumini kuambiwa kinachoimbwa. Malalamiko haya si mapya wala si ya Waafrika. Katika miaka ya 1560, wakati wa Mtaguso wa Trento, viongozi wa Kanisa huko Ulaya walijadili jinsi sauti nyingi zinavyoyafunika maneno matakatifu. Misa ya Palestrina iitwayo Missa Papae Marcelli, iliyochapishwa mwaka 1567, husifiwa hadi leo kwa sababu sauti zake sita zinayaacha maneno yasikike. Kumbe inawezekana.

Nilimpelekea hoja hizi mwalimu mmoja wa kwaya, kijana mwenye kipaji ambaye ametunga nyimbo kadhaa. Nikamwonyesha mahali ambapo noti yake ndefu ilikuwa imekalia silabi ya mwisho ya neno.

"Prof, ukibadilisha hiyo noti wimbo umeharibika," akaniambia. "Besi wanaingia hapo."

"Basi badilisha neno."

"Neno ni la Zaburi, Prof. Siwezi kuligusa."

Tukacheka wote wawili. Nilipomuuliza kipi kilitangulia, akanikiri waziwazi: "Sauti ndiyo ilinijia kwanza, nikiwa kwa matatu. Maneno nikatafuta baadaye."

Simlaumu kwa kujiwa na sauti ndani ya matatu. Kipaji hakina ratiba. Ila ukweli wake huo umetufunulia chanzo cha tatizo. Ikiwa neno haligusiki kwa kuwa ni la Maandiko, basi noti ndiyo inayopaswa kunyumbuka. Yeye amefanya kinyume: noti imekuwa Maandiko, na neno la Zaburi ndilo linalokunjwa litoshe.

Kijana huyo hakukosa hoja, na itakuwa dhuluma nisiitaje. Aliniuliza mbona tenzi na mashairi ya Kiswahili huimbwa kwa mahadhi yanayoweza kuipuuza shadda, na hakuna anayelalamika. Ni swali zuri. Ni kweli kwamba arudhi yetu huhesabu mizani, haihesabu shadda. Lakini mtunzi wa utenzi amempa msikilizaji alama nyingine: kila kipande kina mizani nane, na mwisho wake pana kina. Mwimbaji ni mmoja, na mahadhi ni yale yale ubeti baada ya ubeti, hivyo sikio huyazoea na kuyafuata maneno. Wimbo wa kwaya hauna kina cha lazima, hauna mizani sawa, na waimbaji ni arobaini. Ukiiondoa shadda hapo umemwachia msikilizaji nini cha kushika?

Wengine watanitajia "Baba Yetu" ya Christopher Tin, Mmarekani aliyeitunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV mwaka 2005. Ilimpa tuzo ya Grammy mnamo 2011, ikiwa kazi ya kwanza ya muziki wa michezo ya kompyuta kuipata, na kwaya nyingi ulimwenguni zimeiimba. Ninaipenda, nisiwe mnafiki. Inanipa fahari kusikia Kiswahili kikisalishwa na wageni. Lakini sikiliza kwa sikio la lugha: kivumishi kimilikishi kinarudiwarudiwa pale ambapo sarufi haikihitaji, kwa kuwa mdundo unadai silabi mbili zaidi. Kwa mchezo wa kompyuta na jukwaa la tamasha hilo si kosa kubwa. Kwa sala, neno lililogeuzwa kuwa pigo la ngoma limeacha kuwa neno. Mgeni tunaweza kumsamehe. Sisi tuliozaliwa ndani ya lugha hii tunajisamehe kwa kisingizio gani?

Nami nina deni langu la kukiri. Miaka mingi iliyopita, kwaya moja iliniomba niwaandikie maneno ya wimbo wa shukrani. Nikaona nafasi ya kuonyesha usomi. Nikachimba kamusi na diwani za kale, nikawajazia Jalali na Manani kila mstari. Baada ya mazoezi, dada mmoja wa sauti ya pili akanijia kwa adabu: "Samahani Mwalimu, huyu Manani ni mtu wa wapi?" Wimbo ule uliimbwa mara moja tu. Nilijifunza kwamba wasomi tuna namna yetu ya kuliacha neno mlangoni. Mtunzi wa muziki hulivunja kwa noti, nasi hulifungia ndani ya msamiati ambao muumini hana ufunguo wake.

Je, suluhisho litatoka wapi? Mimi nililiona mahali nisipolitarajia. Nilialikwa kwa misa katika kigango kimoja nje ya mji wa Kajiado, ndani ya Jimbo la Ngong, jimbo linalojumuisha kaunti za Kajiado na Narok. Wakati wa matoleo, waumini waliimba kwa Kimaasai. Hapakuwa na ngoma, kwa sababu jadi ya uimbaji wa Wamaasai ni ya sauti za watu, haitegemei ngoma. (Na hili liwe funzo kwa wanaodhani kila kilicho Kiafrika lazima kiwe na ngoma.) Kijana mmoja alisimama kama olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo. Yeye ndiye aliyeyabeba maneno. Kundi lilimpokea kwa mwitikio mfupi na sauti nzito za chini zinazojirudia kama pumzi. Kimaasai changu ni cha salamu tu, lakini mzee aliyeketi nami alinitafsiria kila mstari kwa mnong'ono, bila kusita, kwa sababu kila mstari ulisikika.

Kisha kwaya ya vijana ikaimba wimbo wa Kiswahili wa sauti nne, kwa kinanda. Mzee yule akaniinamia tena. "Na hawa, Mwalimu, wanasema nini?"

Mzee huyo anakijua Kiswahili vizuri. Ndicho tulichokuwa tukizungumza asubuhi nzima. Nilitega sikio ili nimjibu. Nikashindwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza kwamba dawa tunayo nyumbani. Olaranyani hufundisha jambo moja: sauti moja ilibebe neno kwanza, kisha wengi waliitikie. Liturujia yenyewe ina mfumo huo huo. Zaburi ya wimbo wa katikati ina mwimbaji mmoja wa mashairi na kiitikio cha watu wote. Kwaya nyingi zimeugeuza kuwa tamasha jingine la sauti nne, kana kwamba kuimba peke yako ni umaskini. Wakristo wa kale waliimba Zaburi kwa njia nyepesi: maneno mengi kwenye noti moja, halafu sauti inageuka mwishoni mwa kifungu. Kiswahili kinafaa mno kwa njia hiyo. Karibu kila kifungu chetu huishia kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi, hivyo mtunzi anajua mapema sauti igeuke wapi. Watunzi wa Kiingereza, ambao maneno yao huishia kwa namna kumi tofauti, wangefurahi kupewa zawadi hiyo. Sisi tumepewa na tunaitupa.

Nina mapendekezo matatu kwa watunzi, na yote hayagharimu shilingi. Kwanza, kabla ya kuandika noti yoyote, yasome maneno kwa sauti mara kadhaa, kama unayemsomea mtu asiyeona. Pale sauti yako inapopanda na kushuka yenyewe, nusu ya wimbo umeshaipata. Pili, kila shairi la wimbo lihakikiwe kivyake. Usidhani kwamba la kwanza likikaa, mengine yatakaa. Tatu, kabla ya kuupeleka wimbo kwa kwaya, muimbie mtu mmoja nyumbani, bila kinanda, kisha mwombe akwambie ulichosema. Akishindwa, usimlaumu yeye.

Nina ombi pia kwa majimbo. Hati ya Liturujia inapendekeza kila jimbo liwe na tume ya muziki mtakatifu. Hati hiyo hiyo inataka maneno ya nyimbo yalingane na mafundisho ya Kanisa. Ni vyema. Ila mhakiki wa imani anaweza kuupitisha wimbo ambao kila neno lake ni sahihi kwenye karatasi na hakuna hata moja linalosikika kanisani. Tume hizo zikaribishe mwalimu wa Kiswahili kando ya padri na mwanamuziki. Walimu tuko, kila parokia. Wengi wetu tuko papo hapo kwenye benchi, tukinung'unika kimoyomoyo badala ya kujitolea.

Sitaki kueleweka kwamba nataka turudi kwa nyimbo za kitabu peke yake. Hata hizo zina dhambi zake. Nyingi zilikuwa tuni za Ulaya zilizobandikwa maneno ya Kiswahili, shadda zikiwa kichwa chini miguu juu. Wazee wetu walizishika kwa sababu ziliimbwa miaka hamsini, si kwa sababu zilitungwa vizuri. Watunzi wa sasa wana sikio la Kiafrika, wana elimu, na wanaifahamu lugha kuliko mmisionari yeyote. Ndiyo maana tuna haki ya kuwadai zaidi.

Missa Luba ilikuwa na sauti yetu na maneno ya kigeni. Leo maneno ni yetu, nasi tunayaimba kana kwamba ni ya kigeni. Mama yule wa Kitengela angali anakuja misa ya pili kila Jumapili. Juzi nilimsikia akiimba tena, mara moja tu: mwimbaji wa Zaburi alikuwa msichana mdogo, kinanda kilikuwa kimezimika kwa kukosa umeme, na kiitikio kilikuwa na maneno manne. Aliyashika yote.